Kanuni za Mbio za Magari Zimewakimbiza Wananchi

Kila mara idadi ya watazamaji wa mbio za magari inapopungua, wakubwa wa mchezo huo hukutana, hunywa chai, kisha hutoka na kanuni mpya. Mara pointi zimegawanywa upya. Mara injini imeongezewa nguvu, mara imepunguziwa. Mara Jumapili imepewa thamani yake mbali na Jumamosi. Halafu hungoja umati urudi. Usiporudi, huulaumu umati wenyewe, ati siku hizi wananchi hawapendi kitu ila mpira.

Sisi tunasema umati hauna kosa. Mkulima wa Kwamatuku na kibarua wa mkonge wa Magunga hawajachoka kupenda mashindano, wala hawajachoka kupenda magari. Anayetaka ushahidi na asimame Segera kwa nusu saa tu, awasikilize vijana wanavyobishana juu ya basi lipi lina injini imara na dereva yupi ana mkono. Ujuzi uliopo katika ubishi ule ungewaaibisha baadhi ya watangazaji wetu. Wananchi wa Korogwe na Handeni wameyaacha mashindano yasiyowahusu. Na waliofanya mashindano hayo yasiwahusu ni watunga kanuni.

Hebu tuanze mbali, ili isionekane kwamba tunawasakama ndugu zetu wa hapa nyumbani peke yao. Nchini Marekani yako mashindano ya magari mawili mawili yanayokimbizana katika mstari mnyoofu, kwa desturi umbali wa robo maili. Chama kinachoyasimamia, NHRA, kilianzisha mwaka 1970 daraja liitwalo Pro Stock. Msingi wa daraja hilo ulikuwa mwepesi kueleweka: gari la mashindano lifanane na gari ambalo mtu wa kawaida analiona likiuzwa dukani. Mashabiki wakalipenda. Aliyekuwa na Ford alishangilia Ford, aliyekuwa na Chevrolet alishangilia Chevrolet, na kila mmoja alirudi nyumbani akiwa na neno la kumtania jirani.

Miaka ilipita. Wenye fedha walizidi kuingia, na gari likabaki na sura ya dukani kwa nje tu, huku ndani yake kukiwa na mitambo ambayo hakuna duka lililopata kuiuza. Mashabiki wakapungua. Ndipo chama kile kilipotangaza mwaka 2015 kwamba kuanzia msimu wa 2016 kabureta ziondolewe na badala yake petroli inyunyizwe kwa mfumo unaoongozwa na kompyuta. Injini isizidi mizunguko 10,500 kwa dakika. Lile pua kubwa la kuvutia hewa juu ya boneti liondolewe. Na kila timu iegeshe gari lake kinyumenyume katika eneo la matengenezo, ili watazamaji waione injini na mafundi wakiwa kazini.

Msomaji azitazame kanuni hizo kwa makini. Tatu za kwanza ziliwagharimu wenye magari fedha nyingi, maana timu zilizokuwa zimejaza kabureta katika ghala zao zilipaswa kununua mitambo mipya. Ile ya nne haikumgharimu mtu hata senti moja, nayo kwa maoni yetu ndiyo iliyokuwa na akili kuliko zote, kwa kuwa ilimkumbuka mtu aliyelipa kiingilio. Matokeo yakawaje? Washiriki wakapungua hata wakubwa wale wakaruhusu injini ya kampuni moja ifungwe katika bodi la kampuni nyingine, na msimu wa 2019 daraja hilo likakimbia katika mashindano 18 badala ya 24. Walijaribu kumrudisha shabiki kwa kumfilisi mshindani.

Sasa turudi kwetu. Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 na walowezi, kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia wao. Hatuna sababu ya kuyalilia kwa asili hiyo. Lakini haki itendeke hata kwa jambo lililotoka mkononi mwa mkoloni: katika miaka yake ya mwanzo mashindano hayo yalikuwa na kanuni ambayo haijapata kuzidiwa. Magari yalikuwa ya kawaida, kama yalivyotoka dukani, nayo yaligawanywa katika madaraja kwa bei yake ya dukani. Ukubwa wa injini haukuulizwa. Lililoulizwa ni hili: kwa fedha kiasi hiki, ni gari gani litakalostahimili barabara za Afrika Mashariki?

Hilo ni swali la mwananchi. Ni swali la mwenye duka wa Korogwe anayetaka gari la kumletea bidhaa kutoka Tanga, na la chama cha ushirika kinachotaka gari la kukusanyia mahindi. Ndiyo maana Volkswagen, Peugeot na Datsun zilipata majina yao katika nchi hizi. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Na katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho wa safari. Datsun 1600 SSS ikashinda mwaka 1970. Mtu aliyeona gari la namna hiyo likipita limejaa tope, kisha akaliona tena likibeba abiria, hakuhitaji tangazo la biashara. Njia zilibadilika mwaka hadi mwaka, lakini mashindano yalipoingia nchini mwetu na kupanda milima ya Usambara, yalimfuata mwananchi kijijini kwake wakati wa Pasaka, bila kiingilio.

Na bingwa wa enzi hiyo alikuwa nani? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi makanika. Mwaka 1965 alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano na wengine kabla yake. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kijana aliyekuwa amelala chini ya lori pale Korogwe, mikono imejaa grisi, aliweza kumtazama mtu huyo na kusema: kazi yake ndiyo kazi yangu.

Leo kijana huyo anaonyeshwa nini? Mashindano ya Safari yalibaki upande wa Kenya tangu katikati ya miaka ya 1970. Yalipoondolewa katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurudishwa mwaka 2021, yalirudi yakiwa kitu kingine kabisa: kilomita 320 za kupimwa mbio, katika njia zilizofungwa karibu na Naivasha, mahali pa zile zaidi ya 5,000 za zamani. Hatusemi njia zisifungwe. Lakini mashindano yaliyokuwa yakimfuata mwananchi sasa yanamtaka mwananchi ayafuate, kwa nauli yake.

Na kanuni? Mwaka 2022 wakubwa wa dunia waliamuru magari ya daraja la juu yafungwe mtambo wa umeme pamoja na injini. Mwaka 2025 wakauondoa. Mwaka 2024 walitenga pointi za Jumamosi na za Jumapili kwa hesabu iliyowashinda hata madereva. Mwaka uliofuata wakaibadili. Kwa msimu wa 2027 wametangaza kikomo cha bei, jambo jema kwa lenyewe. Kikomo hicho ni euro 345,000 kwa gari moja. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: ni takriban shilingi bilioni moja. Hiyo ndiyo inayoitwa nafuu.

Ubaya ni kwamba wapenzi wa mbio za magari hapa nchini huzipokea kanuni hizi kama amri. Kasumba hii ni ya zamani. Mtu mwenye uwezo huagiza kutoka Ulaya gari ambalo limechoka huko, hulileta likiwa limefunikwa turubai, hulikimbiza dhidi ya wenziwe wachache wenye uwezo kama wake, kisha hulifunika tena. Vipuri vyake havipatikani Tanga wala Dar es Salaam. Fundi wa Handeni haruhusiwi hata kuligusa. Akae kando, ale vumbi, apige makofi. Na asipokuja mara ya pili tunashangaa!

Wapo watakaotujibu kwamba shabiki anataka mwendo na kishindo, na kwamba gari dogo litamchosha. Hoja hii ilikwisha kujibiwa kwa damu. Katikati ya miaka ya 1980 ubingwa wa dunia ulikuwa na magari ya Kundi B, yenye nguvu kupita kiasi, na umati ulikuwa mkubwa kweli. Machi 1986 nchini Ureno gari moja liliwaingia watazamaji na watatu wakafa. Mei mwaka huo huo Henri Toivonen na msoma ramani wake, Sergio Cresto, waliungua katika gari lao kisiwani Corsica. Kundi hilo likapigwa marufuku kuanzia 1987. Atakayetushauri tulete magari ya namna hiyo katika njia za Sindeni na Misima, ambako watoto hutoka shuleni kwa miguu na bodaboda hutokea kila kichochoro, atuambie kwanza atamweka wapi kila mtoto.

Na wapo, hasa miongoni mwa wazee wetu wa Chama, watakaosema kwamba huu ni mchezo wa mabwanyenye na heri ufe, fedha ziende zahanati. Tunawaheshimu, na nusu ya hoja yao ni kweli. Lakini fedha za mchezo huu hazikuwa za zahanati hata siku moja. Ni za watu binafsi, na ukifa watazipeleka kwingine. Kitakachopotea ni shule ya ufundi iliyo wazi barabarani. Nchi iliyotangaza Kujitegemea mwaka 1967, ikaanzisha SIDO mwaka 1973 na kujaribu kujitengenezea lori pale Nyumbu, haina sababu ya kuwaachia mabwanyenye ufundi wa magari, eti kwa kuwa wao ndio waliotangulia kuvaa kofia ngumu.

Kwa hiyo tunapendekeza daraja moja jipya, na tunapendekeza lianzie Korogwe na Handeni. Barabara kati ya miji hiyo miwili imekwisha kuwekwa lami. Hiyo itumike kwa kusafiri tu, kwa mwendo wa sheria kama raia wengine, na anayekamatwa na askari atolewe mashindanoni. Mbio zenyewe zifanyike katika njia za vumbi zilizofungwa, upande wa Magoma na Mashewa kwa Korogwe, na upande wa Sindeni kwa Handeni, baada ya mavuno, ili shamba la mtu lisikanyagwe.

Gari liwe la magurudumu mawili yanayosukumwa, injini isizidi sentimita za ujazo 1,500, lenye namba na bima, la aina ambayo vipuri vyake vinauzwa katika maduka ya Korogwe. Toyota IST, Probox, Vitz, Corolla kuukuu: magari ambayo kila anayesimama barabarani amepata kuyapanda, kuyasukuma au kuyadai. Shokomzoba, springi, matairi na breki viboreshwe kadiri fundi anavyojua. Kizimba cha vyuma, mikanda na kizima moto viwe lazima, na visihesabiwe katika bei, asije mtu akabana fedha kwa kupunguza usalama wake.

Kisha ije kanuni iliyo moyo wa jambo hili. Pawepo bei moja iliyotangazwa, tuseme bei ya gari la namna hiyo lililotumika katika soko la Tanga pamoja na theluthi moja kwa matengenezo. Na mshiriki yeyote aliyemaliza mashindano awe na haki ya kulinunua gari la mshindi kwa bei hiyo, jioni ile ile. Gharama ya kizimba ilipwe mbali, kwa bei iliyopangwa. Mshindi akikataa kuuza, ushindi wake ufutwe na afungiwe mwaka mzima. Kanuni ya namna hii si ndoto yetu. Hutumika Marekani katika viwanja vidogo vya mbio za magari, nayo waliirithi kwa mbio za farasi. Tajiri atakayetia milioni hamsini ndani ya gari la milioni kumi na tano atakuwa amemtengenezea jirani yake gari zuri sana!

Na ile kanuni isiyo na gharama ya Wamarekani tuichukue nzima nzima. Matengenezo yafanyike uwanjani mbele ya watu, boneti wazi, dakika ishirini kwa saa inayoonekana na wote, na angalau fundi mmoja wa kila gari awe mkazi wa wilaya ambamo mashindano yanapita. Tunathubutu kusema kwamba watu wa Chanika watakuja kumwona kijana wao akibadilisha gia boksi kwa dakika ishirini kuliko watakavyokuja kuona gari la bilioni likipita kwa sekunde nne.

Hayo yote yamo katika uwezo wa Chama cha Magari cha Tanzania, AAT, na Baraza la Michezo la Taifa; hayangoji barua kutoka Paris. Halmashauri za Korogwe na Handeni ziombwe viwanja na ulinzi wa njia. Matawi ya Chama na serikali za vijiji zipewe ratiba mwezi mzima kabla, siyo jana yake kwa kipaza sauti. Na bei ya kuuziana gari iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno katika fomu ya kwanza kabisa, mshiriki aitie sahihi kabla ya kupokewa ada yake.