Gari la mbio lipo Mwanza, pa kulikimbizia hakuna

Mkazi wa pembeni ya Barabara ya Kenyatta jijini Mwanza hahitaji kuchungulia dirishani kujua kilichopita. Subaru iliyotolewa sailensa ya kiwandani inajitambulisha yenyewe, kuanzia Mkuyuni mpaka Nyegezi.

Kwa wengine hizo ni kelele tu. Kwa vijana wenye magari hayo na mafundi wanaoyahudumia ni burudani, ajira na heshima ya mtaa. Tatizo ni kwamba gari linaandaliwa kwa mbio, halafu mahali pekee pa kulikimbizia ni barabara ileile ya daladala, bodaboda na wanafunzi wanaovuka kwenda shule.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Juni 19, 2025, lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi. Ni kilomita tatu za lami mpya juu ya Ghuba ya Mwanza, mahali ambapo zamani gari lilipanga foleni kusubiri kivuko. Kwa msafiri wa Sengerema na Geita ni ukombozi. Kwa mwenye gari la turbo ni kishawishi.

Kwa nini Subaru na Altezza?

Sababu ya kwanza ni hesabu. Ushuru wa bidhaa kwa magari unapangwa kwa ukubwa wa injini, na mstari wa cc 2,000 una maana kubwa mfukoni. Injini ya Subaru Impreza inayopendwa zaidi ina cc 1,994. Ile ya Toyota Altezza RS200 ina cc 1,998. Zote zinapita chini ya mstari huo huku zikitoa nguvu kuliko magari mengi ya ukubwa wake.

Lakini kuna mtego. Nyingi ni za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa nyongeza kwa uchakavu. Mnunuzi anamaliza bajeti bandarini, kisha gari linafika Mwanza na bushi zilizokwisha, rejeta iliyochoka na mipira ya breki ya zamani. Na ndilo hilo linaloongezewa nguvu.

Sababu ya pili ni historia. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Impreza ilishinda mbio hizo mwaka 1997 ikiwa mikononi mwa Colin McRae, na tena mwaka 2000 kwa Richard Burns. Ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, hamu ilirudi na kizazi kipya.

Nguvu kwanza, breki baadaye

Mpangilio uliozoeleka mtaani unajulikana. Kwanza bomba la moshi, ili gari "liongee". Kisha rimu pana, springi fupi za kulishusha, halafu kuongeza msukumo wa turbo na kuondoa kikomo cha kilomita 180 kwa saa kinachowekwa kwenye magari ya soko la Japani. Breki zinasubiri hela ikibaki.

Hesabu inasema kinyume. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza inaongezeka mara nne. Gari la kilomita 140 kwa saa linabeba karibu mara nane ya lile la kilomita 50.

Kwenye lami kavu na tairi nzuri, dereva wa kilomita 50 kwa saa anayechelewa sekunde moja kukanyaga breki atasimama ndani ya mita 26 hivi. Wa kilomita 140 atahitaji takriban mita 135. Huo ni urefu wa uwanja wa mpira na zaidi. Mama mwenye ndoo ya dagaa anayevuka pale Buhongwa hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili linalokuja.

Ndiyo maana timu za mbio huanza na breki, tairi, shokapu na upozaji. Pedi zinazohimili joto na oili mpya ya breki hazina mlio wa kumshtua mtu baa, lakini ndizo zinazoamua kama gari litasimama. Oili ya breki ya zamani hufyonza unyevu, ikipata joto inachemka, na pedali inazama mpaka chini bila kushika kitu.

Kulishusha gari nako kuna gharama yake. Springi zikikatwa kwa grainda, tairi haifuati tena bonde la barabara vizuri. Gari linaonekana la mbio likiwa limeegeshwa Capri Point, lakini kwenye tuta au shimo linaruka na kupoteza mshiko.

Hewa ya Mwanza si ya Dar

Ziwa Victoria lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na ya pwani. Altezza isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake, hata ikiwa nzima kabisa.

Turbo inaficha upungufu huo, lakini si bure. Ili kufikisha msukumo uleule inalazimika kuzunguka kasi zaidi, na hewa inatoka ikiwa ya moto zaidi. Fundi akiongeza msukumo juu ya hapo bila kubadili upozaji, injini inaanza kugonga.

Kuna na suala la mafuta. Magari mengi ya turbo ya Japani yaliandaliwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake hukaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii hapo. Ndiyo maana injini iliyoongezewa nguvu kwa kubahatisha inaweza kutoboa pistoni ndani ya muda mfupi, na mwenye gari akadhani ameuziwa injini mbovu.

Kwenye tairi za mtumba, tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT zinasema umri: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Herufi baada ya ukubwa inasema mwendo wa juu: S ni kilomita 180 kwa saa, H ni 210, V ni 240. Gari lililoondolewa kikomo likavalishwa tairi ya S iliyokaa miaka tisa ni hatari kwa kila aliye jirani nalo.

Faini inatosha?

Kisheria mwendo wa juu kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na faini ya papo kwa hapo ni ndogo. Kwa mtu aliyeweka mamilioni kwenye injini, kiasi hicho hakijazi hata tenki.

Kinachoweza kumuumiza zaidi ni bima. Mabadiliko makubwa yanatakiwa kuelezwa kwa kampuni ya bima, na mikataba mingi haigusi ajali iliyotokea kwenye mashindano. Injini ikibadilishwa bila kadi ya gari kurekebishwa, mwenye gari anajikuta na maswali mawili kwa wakati mmoja: polisi, na fidia ya aliyemgonga.

Lakini kukamata peke yake kunahamisha tatizo. Leo Kenyatta, kesho njia ya Usagara, keshokutwa darajani. Ukimfukuza kijana kila mahali bila kumwonyesha pa kwenda, ataenda usiku.

Mfano upo jirani

Kiambu, nje kidogo ya Nairobi, yamekuwepo mashindano ya lami yanayoitwa KiambuRing. Kipande cha barabara kinafungwa, gari linaondoka moja moja na kushindana na saa. Hakuna wa kupishana naye wala anayekuja mbele.

Tanzania nayo si mgeni wa mchezo huu. Chama cha Magari Tanzania, AAT, kinasimamia mbio za magari nchini, na Mkwawa Rally imewahi kuwa sehemu ya ubingwa wa Afrika. Kinachokosekana Mwanza ni siku ya kawaida ya mtu wa kawaida: ada ndogo, ukaguzi wa breki na mikanda, kofia ngumu, gari la wagonjwa, na kipande cha lami kilichofungwa kwa saa chache.

Faida yake si burudani tu. Gari litakalokataliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya breki litarudi gereji za Nyakato na Igoma, na fundi atalipwa kwa kazi inayookoa maisha badala ya kazi ya kuongeza mlio. Dereva anayejiona bingwa ataiona saa, na saa haina upendeleo.

Hilo linahitaji jiji, wenye dhamana ya barabara, polisi wa usalama barabarani na AAT wakae meza moja. Wenye magari nao waje na sura zao, si namba zilizofunikwa. Na mpaka siku hiyo ifike, aliyebakiza hela ya kitu kimoja tu mwezi huu anunue pedi za breki. Bomba la moshi lisubiri.