Soko la Usiku Si Aibu ya Mji

Msomaji kijana, siku utakapojaliwa kuzuru Nairobi, wengi watakuambia yafaayo kutazamwa: mbuga ya wanyama, makumbusho, na majumba marefu ya katikati ya mji. Jua likichwa utashauriwa ujifungie ndani, kana kwamba mji nao umekwisha. Ushauri huo una upungufu mkubwa, nami naupinga.

Fikiri juu ya Mathare, bonde lililo kilomita chache tu kaskazini-mashariki ya katikati ya mji. Jioni, vibarua wa ujenzi na wa Eneo la Viwanda hurudi kwa miguu, ujira wa siku mkononi. Hapo ndipo soko huanza, kando ya Barabara ya Juja na katika vichochoro vinavyoteremka kuelekea mtoni. Majiko ya makaa huwashwa. Viazi karai, chapati na mutura hupangwa. Sukuma wiki hukatwakatwa mbele ya macho ya mnunuzi. Unga na mafuta hupimwa kwa kiasi kidogo ambacho wenyeji hukiita kadogo. Huuzwa pia mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki mbuta iliyobaki baada ya minofu kukatwa viwandani ikapelekwa ng'ambo.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mtu alipwaye kwa siku hununua kwa siku, na asiye na jokofu hawezi kuweka akiba ya samaki wala maziwa. Soko hili, basi, ni ghala ya chakula ya watu wanaoujenga mji. Ukitaka ushahidi, kumbuka amri ya kutotoka nje usiku iliyoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ikaondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Mwanzoni amri hiyo ilishika saa moja ya jioni, saa ile ile ambayo muuza chapati hupata wateja wake. Mwenye mshahara wa mwezi alifungiwa ndani na akiba yake. Muuzaji wa usiku alifungiwa na njaa.

Wapo wasemao kwamba masoko hayo ni machafu na ya hatari. Sikatai kwamba mifereji huziba na wezi wapo. Lakini kosa ni la nani? Mpishi hakujinyima maji ya bomba. Hata zile taa ndefu za mitaa ya mabanda huitwa mulika mwizi, kana kwamba chini yake hapana muuzaji wala mnunuzi! Tazama Forodhani, Unguja. Huko nako watu huchoma nyama na kukaanga samaki usiku, na wageni wa dunia nzima huwasifu. Bustani ile ilitengenezwa upya, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Kazi ni ile ile; ila Forodhani ilipewa matengenezo, Mathare ikapewa lawama. Je, ni haki kumnyima mtu ufagio, kisha kumcheka kwa vumbi?

Wako na wageni wa namna nyingine, wajao kuutazama umaskini kama watazamavyo simba mbugani. Hupiga picha, wakaondoka bila kununua hata andazi. Hao nao nawapinga. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema, mgeni njoo utazame. Kwa hiyo ukienda, fuatana na mwenyeji aijuaye njia. Salimu, uliza bei, lipa, ule ukiwa umesimama kama wengine, wala usimpige mtu picha bila idhini yake.

Tena, kesho huenda ukawa diwani, mhandisi au mwandishi wa magazeti. Siku hiyo utaletewa karatasi isemayo kwamba soko la namna hii liondolewe ili mji upendeze. Usitie sahihi kabla hujajibiwa swali moja: watu hawa watakula nini usiku huo?