Eti wasichana hawana miguu?

Leo naomba tuongee kuhusu miguu. Msianze kucheka... naongelea miguu ya kupiga mpira, tena ya wasichana wanaocheza soka kata ya Mamba, huku Mpimbwe, mkoani Katavi.

Kuna kauli nimeshaisikia mara nyingi mno, na nilipokuwa Mamba nimeisikia tena pembeni ya uwanja, kutoka kwa mwalimu kabisa, mtu na digrii yake: "Hawa wanajitahidi, ila miguu HAWANA." Maana yake shuti zao ni laini. Golikipa anausubiri mpira kama anasubiri kuku aingie bandani. Watu wanacheka, mchezo unaendelea, na hakuna anayejiuliza kwa nini iko hivyo. Imeshakubalika kwamba ndivyo Mungu alivyowaumba.

Mie nakataa. Msichana huyo huyo anayeambiwa hana miguu, asubuhi alitoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani. Hizo ni kilo 20, jamani, na njia siyo ya lami. Msimu wa mpunga anashinda kwenye majaruba, matope mpaka magotini, akichomoa mguu mmoja baada ya mwingine kutwa nzima. Wale wanaojaza gym za Mikocheni wakilipia kuchuchumaa na vyuma mabegani nadhani wanaelewa hiyo kazi ina maana gani.

Kwa msiopafahamu, Mamba ni bonde la Rukwa. Unatoka Mpanda, unapita Sitalike (pale darajani viboko wamelala kama magunia), unakatiza Hifadhi ya Katavi, unatokea Kibaoni, unashika njia ya Usevya, halafu unaendelea tu. Mpunga, mahindi, ng'ombe wa Wasukuma waliohamia, vumbi kiangazi, matope masika. Uwanja wa mpira upo. Magoli ni ya miti, neti hakuna.

Sasa tuje kwenye nguvu yenyewe, maana hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo.

Shuti haipigwi na goti peke yake. Tazama mchezaji mzuri anavyopiga: anakuja kwa pembeni kidogo, hatua mbili tatu, mguu wa kuegemea unatua kando ya mpira, nyonga ya mguu wa pili inavutwa nyuma, kisha paja linakuja mbele kwa kasi. Paja likishafika mbele linapunguza mwendo, na hapo ndipo ugoko unachomoka. Ni mjeledi wa mchunga ng'ombe ule. Mkono unasimama, ncha inalia PAA! Mguu na mpira vinagusana kwa muda wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde, basi. Kifundo kikilegea katika kamuda hako, nguvu yote uliyokuja nayo inamwagika. Kikikaza, mpira unaondoka kwa kasi kubwa kuliko hata ya mguu wenyewe.

Kwa hiyo msuli wa mbele wa paja ni muhimu, sikatai. Lakini wanaopima nguvu za paja kwa mashine kisha wanapima kasi ya shuti wamekuwa wakipata majibu yanayopishana: wengine wanaona uhusiano, wengine wanaona uhusiano hafifu. Mwenye paja lenye nguvu kuliko wote siyo lazima awe na shuti kali kuliko wote. Na halafu nguvu zenyewe haziko aina moja. Ya kubeba ndoo ni ya polepole na ya kuvumilia. Ya shuti ni ya ghafla, inatoka na kuisha kabla hujapepesa jicho. Msichana wa Mamba ana ile ya kwanza kwa wingi. Hiyo ya pili nani kamfundisha?

Kuna utafiti mmoja wa Hispania wa mwaka 2009 ambao naupenda sana. Walichukua wanasoka wanawake 20, nusu wakawekwa kwenye mazoezi ya kuruka-ruka, siku tatu kwa wiki, wiki 12. Baada ya wiki 6 uwezo wao wa kuruka ulikuwa umepanda. Shuti je? Bado. Kasi ya shuti ilikuja kupanda baada ya wiki 12. Yaani mwili unapata nguvu kwanza, halafu unahitaji muda na mpira ili mguu ujue nguvu hiyo iende wapi. Jambo la pili, na hili nawaombeni mliweke akilini mpaka tufike huko chini: maumbo ya wale wachezaji hayakubadilika. Uzito ule ule, mafuta yale yale.

Ngoja niwape nilichokiona kwa macho yangu. Niliketi kwenye mazoezi ya wasichana wa shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Walikuwa 22 na mipira miwili, mmoja wa pili ulikuwa umepungua upepo hivyo haukutumika sana. Nikachagua winga mmoja wa kushoto, nikawa namhesabia. Kwa saa nzima alipiga mpira golini mara nne. NNE! Tena mara mbili kati ya hizo alikuwa peku, kwa sababu njumu alizoazima mwenyewe alikuja kuzidai. Mazoezi yalikuwa mara mbili kwa wiki, na yalianza pale walipokumbuka kwamba UMISSETA inakaribia. Fanyeni hesabu wenyewe. Kaka yake, ambaye tangu ana miaka mitano anapiga chandimu nyuma ya nyumba mpaka giza linaingia, ameshapiga mpira mara elfu ngapi kabla hajafika kidato cha kwanza?

Na hapa ndipo hoja yangu ilipo. Sisi tuliokulia Tanzania tunajua mtoto wa kike anapewa mpira wapi: MIKONONI. Rede, mikononi. Mpira wa pete, mikononi. Michezo mizuri, siipondi hata kidogo, na mimi rede nimelishwa mpira wa mgongo mara nyingi tu na dada zangu. Ila mpira ulipogawanywa katika nchi hii, miguu ikapewa wavulana. Kisha miaka kumi baadaye tunamsimamisha msichana hatua 12 kutoka golini, anapiga laini, tunasema hana miguu.

Chekesho ni kwamba rede na kuruka kamba ndiyo mazoezi yale yale ya Wahispania! Kuruka, kutua, kukwepa, kuruka tena. Nusu ya kazi wasichana wetu wameshaifanya wakiwa darasa la tatu, bila kocha wala posho. Iliyobaki ni ile nusu nyingine, ya mpira wenyewe.

Mtu ataniambia mwanamke ni mwanamke bwana, hata Ulaya wanapiga laini. Tarehe 7 Agosti 2023, Kombe la Dunia, Brisbane. England na Nigeria wanapigiana penalti. Chloe Kelly anakuja na kale karuko kake, anapiga, mpira unapimwa: kilomita 110.79 kwa saa. Shuti kali kuliko zote za Ligi Kuu ya wanaume ya England msimu wa 2022/23 ilikuwa 107. Kwa kasi hiyo mpira unamaliza zile mita 11 kwa kama theluthi moja ya sekunde. Ni kweli kwa wastani wanaume wanapiga kwa kasi zaidi, sibishani na vipimo, na mpira ni ule ule, gramu 410 hadi 450, hakuna anayewapunguzia wanawake. Lakini pengo kati ya Kelly na yule winga wa Mamba halijaletwa na jinsia, wote ni wanawake!

Na tusiende mbali. Serengeti Girls walikwenda India Oktoba 2022, Kombe la Dunia la chini ya miaka 17. Japan wakawapa nne, watu wakaanza kejeli. Kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia ROBO FAINALI, wakatolewa na Colombia. Twiga Stars Julai 2025 kule Morocco walitoka sare 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Clara Luvanga alitua Al Nassr ya Saudi Arabia mwaka 2023. Hawakushuka na miamvuli hao. Ni mabinti wa mikoa yetu ambao mahali fulani walipata mpira mapema, wakaupiga, wakaupiga, wakaupiga.

Kuna suala la magoti pia, na hili linaniudhi kuliko yote. Ile ligamenti inayokatiza katikati ya goti, wanawake wanaichana angalau mara mbili zaidi ya wanaume wanaocheza mchezo huo huo. Ukiichana Mamba, zahanati watakupa dawa ya maumivu, na soka lako limeisha. Mguu ulioimarishwa msuli wa mbele tu, wa nyuma ya paja ukasahauliwa, unajiweka kwenye hatari hiyo. Basi kuna mazoezi yanaitwa FIFA 11+, dakika 20 kabla ya kucheza. Unakimbia taratibu, unachuchumaa, unaruka na kutua goti likiangalia mbele lisiingie ndani, unasimama mguu mmoja, unapiga magoti mwenzako akakushika vifundo halafu unajilaza mbele polepole mpaka nyuma ya paja iwake moto. Norway waliyajaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 na majeraha yakapungua kwa karibu theluthi moja. Hakuna mashine wala umeme. Nilimuuliza mwalimu wa zamu kama anayajua. Akaniambia wao wanapasha kwa kuzunguka uwanja mara tano.

Sasa lile nililowaambia mliweke akilini. Mama mmoja pale Mamba, mkarimu sana, alinipikia wali wa bondeni ambao sitausahau, aliniambia bintiye ameacha mpira. "Mwanangu, miguu ikishakuwa ya kiume nani atamuoa?" Sikumlaumu. Agosti 2021 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe, akiwapokea vijana walioleta kombe la CECAFA, aliwazungumzia wachezaji wanawake akagusia vifua vyao bapa na ndoa kuwa ndoto kwao, akauliza wataishi maisha gani miguu itakapochoka. Wengi walikasirika, na mimi nilikuwemo. Ila lile swali la mwisho nalichukua kwa uzito, kwa sababu kwa Katavi jibu liko kwenye takwimu. Utafiti wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wa mkoa huu walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 27. Hakuna mkoa uliokuwa juu zaidi. Na kati ya wale wasichana 22 nilioketi nao, hakuna hata mmoja aliyekuwa anaogopa kwamba soka litamchosha miguu. Walikuwa wanaogopa kuacha shule.

Sisemi mpira utazuia mimba, siyo mganga mimi. Nasema msichana mwenye sababu ya kuwepo uwanjani jioni Jumatatu mpaka Ijumaa ana kitu chake ambacho mtu akitaka kumchukua lazima akipite kwanza. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Nilipouliza kama wapo waliorudi na timuni, niliangaliwa kama nimeuliza kama mbuzi anasoma.

Ninachotaka ni kidogo hata naona aibu kukiandika. Mipira kumi badala ya miwili. Mwalimu wa michezo anayezijua zile dakika 20. Mpira kufika miguuni mwa mtoto wa kike darasa la kwanza, siyo wiki tatu kabla ya UMISSETA. Na UKUTA. Ukuta ndiyo kocha wa bei poa kuliko wote, kila unachompa anakurudishia, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, mara mia kwa nusu saa bila kumsubiri mtu. Shule ile ina ukuta mmoja usio na dirisha, nyuma ya stoo. Nikamuuliza mkuu wa shule kama wasichana wanaweza kuutumia. Akafikiri, akasema rangi itachafuka.

Nimemwahidi ndoo ya chokaa.