Kocha Akiondoka, Kosa Hubaki kwa Nani?

Vijana wetu huuliza: yawaje klabu imfukuze kocha, kisha imrejeshe yule yule?

Januari 2021 Chelsea ya Uingereza ilimwachisha kazi Frank Lampard. Mrithi wake, Thomas Tuchel, alitwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mwezi Mei mwaka huo huo. Naye akafukuzwa Septemba 2022. Aprili 2023 Lampard akaitwa tena amalizie msimu. Katika mechi 11 alishinda 1 tu.

Sababu haziko mbali. Wachezaji ni wengi, wana mikataba, na kuwauza husubiri dirisha la usajili. Kocha ni mmoja, na kumwondoa huwatuliza mashabiki siku hiyo hiyo. Mambo yakiharibika tena, hutafutwa mtu anayeijua nyumba, kwani mgeni huhitaji muda.

Tusiwacheke. Kamati yetu ya msikiti, nami nikiwa katibu wake, ilimwondoa ustadhi wa madrasa kwa kuwa watoto hawakusonga mbele katika kusoma. Baada ya miezi michache tulimwendea nyumbani kumwomba arudi. Akatuuliza jambo moja: "Je, wazazi wameanza kuwasikiliza watoto wakidurusu jioni?" Tukainamisha vichwa.

Ndugu zangu, kabla ya kumwondoa mtu tufanye shura ya kweli: naye asikilizwe, na kila mmoja wetu ajihesabu. La sivyo tutabadili walimu kila mwaka, na mtoto atabaki katika ukurasa ule ule wa juzuu.

Wallahu aalam.