Mawe ya tangi la samaki: mali iliyolala kwenye machimbo

Mwaka 2015 nyumba ya maonyesho ya viumbe wa majini ya Lisbon, nchini Ureno, ilifungua tangi la maji baridi lenye urefu wa mita 40 na ujazo wa lita 160,000. Mbunifu wake alikuwa Mjapani Takashi Amano, aliyefariki dunia mwaka huo huo. Ndani yake ziliwekwa tani zipatazo 25 za mawe ya volkano. Mawe hayo hayakuagizwa Japani, bali yaliletwa kutoka visiwa vya Azores, ambavyo ni sehemu ya Ureno.

Afrika Mashariki nayo ina mawe ya volkano, kuanzia Kilimanjaro na Meru hadi Rungwe. Mwanza imejengwa juu ya matale, na Tanga ina chokaa. Lakini huku jiwe huuzwa kwa lori, kama kokoto au la msingi, na mnunuzi hachagui. Katika biashara ya samaki wa mapambo mambo ni kinyume. Mnunuzi hulipia umbo, mistari, rangi na namna vipande vinavyofanana, kwa kuwa mpangilio mzuri hutumia jiwe la aina moja tu, moja kubwa likiwa kiongozi na mengine madogo yakilifuata. Faida basi iko kwenye kuchambua.

Hata hivyo, uzuri wa jiwe si kigezo cha kwanza. Cha kwanza ni maji.

Jiwe la chokaa huyeyuka polepole, likaongeza ugumu wa maji na kuyasogeza mbali na uchachu. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo pH yake hukaribia 9, na kwa mbuna wa Ziwa Nyasa, hilo ni jambo jema. Kwa samaki wa Amazon waliozoea maji laini yenye uchachu, ni mateso ya taratibu. Katika tangi la mimea linalopulizwa hewa ya kaboni, chokaa huyeyuka haraka zaidi, na mwenye tangi hubaki akibadilisha maji bila kujua kinachomsumbua. Matale, jiwe la volkano na jiwe gumu la mtoni mara nyingi hayabadilishi maji. La volkano lina vitundu vingi, hivyo huhifadhi vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki, na ni jepesi kubeba.

Kipimo ni rahisi: matone ya siki juu ya jiwe lililokwanguliwa. Likitoa povu, lina chokaa. Lakini siki ni dhaifu, na zipo aina za chokaa zisizotoa povu mpaka zisagwe unga. Njia ya uhakika zaidi ni kuliloweka jiwe kwenye ndoo wiki mbili na kupima maji kabla na baada. Mawe yenye madoa ya kumetameta kama chuma, au yaliyookotwa kwenye mabaki ya migodi ya dhahabu, yaachwe kabisa, kwa kuwa yanaweza kutoa sumu. Kuchemsha jiwe nako si busara, linaweza kupasuka na kujeruhi. Brashi na maji vinatosha.

Kwa mwenye mtaji mdogo, kishawishi kikubwa ni kwenda ufukweni na kiroba. Hapo ndipo hesabu inapokosewa. Samaki wa mapambo wanaosafirishwa kutoka Kigoma wengi ni wa kwenye miamba: hula mwani unaoota juu ya mawe na hutaga katika mianya yake. Kuyahamisha mawe ya ziwani ni kung'oa shamba ili kuuza udongo. Matumbawe ya baharini nayo yana kikwazo cha mkataba wa CITES, unaotaka kibali kabla hayajavuka mpaka. Matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, kama yale yaliyojenga nyumba za Mji Mkongwe, ni suala jingine, ingawa bado ni chokaa.

Kinachobaki ni machimbo yenye leseni. Tanzania, chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania pekee, na mawe ya ujenzi yamo humo. Mchuuzi hahitaji kumiliki chimbo. Anaweza kukubaliana na mwenye nalo achague vipande mia kabla havijaingia kwenye mashine ya kusaga kokoto, na adai risiti. Anayefikiria kuuza nje ya nchi aanze ofisi ya madini, si bandarini.

Muuzaji anapaswa pia kumweleza mteja habari ya uzito. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 hubeba lita 300. Kilo 60 za matale huondoa lita 22 hivi za maji, kwa hiyo meza iongezewe mzigo wa takriban kilo 38, na dawa ya samaki ipimwe kwa lita 278, si 300. Mawe yatangulie kuwekwa, juu ya karatasi nene ya plastiki, ndipo mchanga umwagwe. Mbuna hufukua, na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaangukia kioo.