Beni na Butembo: aliyepambana na Ebola kwa mikono asirudishwe mlangoni

Soma tangazo lolote la kazi ya afya linalobandikwa langoni mwa shirika mjini Butembo au Beni. Sharti la kwanza ni diploma: A2, A1, lisanse. Uzoefu huja chini yake, na aliyekosa la kwanza mara nyingi faili yake haifunguliwi. Kwa kazi nyingi hatuna ugomvi na utaratibu huo. Kwa kazi ya kuzuia maambukizi ya Ebola, tunao.

Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, ulidumu karibu miaka 2. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Katika kipindi hicho wenyeji wengi wa Beni, Katwa, Butembo na Mangina, wakiwemo wakulima, wanafunzi na madereva wa pikipiki, walijifunza kazi ambazo hawakuwahi kuziona darasani. Walijua kuchanganya klorini ya 0.5% ya vifaa na sakafu na ile ya 0.05% ya mikono, bila kukosea ndoo. Walijua kwamba hatari kubwa ya vazi la kujikinga si wakati wa kulivaa bali wakati wa kulivua, mtu akiwa amechoka na jasho linamtiririka. Walizika kwa usalama huku familia ikilia, na wakati mwingine ikirusha mawe.

Wapo pia waliopona, wale tuliowaita washindi. Kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, wakawabeba na kuwanywesha maziwa. Daktari mwenye shahada zote za dunia asingeweza kumkumbatia mtoto yule bila vazi na glavu. Na mgonjwa aliyekataa sindano ya mgeni kutoka Kinshasa au Geneva, aliikubali baada ya kuelezwa kwa Kinande na mtu aliyelala kitanda kama chake.

Hata hivyo hatutaki kudanganyana. Mwaka huohuo wa 2018, mjini Beni, watu wengi, watoto wakiwemo, waliambukizwa katika vijumba vya matibabu, vile vinavyochanganya dawa za kienyeji na sindano za kisasa. Waliokuwa wakitibu humo hawakukosa uzoefu; baadhi walikuwa na miaka mingi kazini. Walichokosa ni mtu wa kuwasahihisha. Mkono uliozoea kufanya kosa hulifanya haraka zaidi, na kosa lenyewe linaonekana kama ustadi. Diploma nayo haikuwa kinga: zaidi ya wafanyakazi 160 wa afya waliambukizwa katika mlipuko huo, wakiwemo wauguzi waliosoma.

Kwa hiyo swali letu si kama shule ina faida. Tunauliza nani anapima ujuzi uliopatikana nje ya shule, na kwa kipimo gani. Nchi hii ina INPP tangu mwaka 1964, taasisi ya kuandaa na kuendeleza wafanyakazi. Ikae pamoja na Divisheni ya Afya ya Jimbo, waweke mtihani wa vitendo: mtahiniwa achanganye klorini, avue vazi mbele ya mkaguzi, aeleze ni wakati gani anapaswa kuacha na kumwita muuguzi. Akifaulu apewe cheti kinachotaja kazi anazoweza kufanya na, kwa herufi kubwa zaidi, zile asizoruhusiwa kugusa. Asichome sindano. Asiandike dawa. Na ada isigeuke biashara. Tunaijua nchi yetu.

Watasema Ebola imekwisha. Tarehe 7 Februari 2021 ilitangazwa tena, upande wa Butembo. Safari hiyo waliugua watu 12, wakafariki 6, na tarehe 3 Mei ikazimwa. Chanjo ilisaidia sana, lakini waliokimbilia kufuatilia waliokutana na wagonjwa walikuwa kwa sehemu kubwa wenyeji waliojifunza katika mlipuko wa kwanza. Beni ikapata mlipuko mwingine Oktoba 2021, na kisa kimoja zaidi Agosti 2022, ambacho vipimo vya maabara vilikihusisha na virusi vya mlipuko ule ule mkubwa.

Mashirika yaliyoajiri watu hawa yalikuwa na orodha za malipo: jina, kazi na miezi aliyofanya. Ofisi nyingi zimefungwa au zimehamia kwenye dharura nyingine. Divisheni ya Afya iziombe orodha hizo sasa, kabla kompyuta hazijauzwa na mafaili kutupwa, kwa sababu ndizo zitakazoonyesha nani wa kuitwa kwanza kwenye mtihani.