Ukurasa wa Nyumbani: Nguvu za tumbo kwa mzazi aliyeugua polio

Akina mama wapenzi, nanyi mabwana mnaousoma ukurasa huu kwa siri mkijidai kutafuta habari za mpira, tunawasalimu.

Juma hili tunajibu barua ya dada mmoja ambaye hakupenda jina lake litajwe. Aliugua polio alipokuwa na miaka 3, na tangu hapo hutembea kwa vyuma vya mguu na gongo. Sasa ana mtoto wa miezi 4, ambaye ni wa pili. Anaeleza kwamba tumbo lake limelegea, kiuno kinamwuma, na mara mbili ameanguka akiwa na mtoto mkononi. Wifi yake, aliyejifungua karibu siku zile zile, amekwisha kurudi kwenye jembe, naye nyumbani anaanza kuitwa mvivu. Kwa kuliogopa jina hilo, kila alfajiri hulala chali akajiinua kiwiliwili mara 50, kama alivyofundishwa na jirani. Lakini ifikapo adhuhuri, hata kumpakata mtoto humshinda. Anataka kujua kama aongeze mazoezi.

Jibu letu ni hili: dada, usiongeze, punguza, tena ubadilishe. Wewe si mvivu hata kidogo. Misuli yako inafanya kazi iliyo nzito kuliko ya wifi yako, nayo ina watendaji wachache zaidi.

MSHIPI ULIO NDANI YA MWILI

Kiwiliwili cha binadamu hushikwa na misuli pande zote mithili ya pipa. Juu kuna kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo na kutuwezesha kuvuta pumzi. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ibebayo kibofu na mji wa mimba. Nyuma kuna misuli ya uti wa mgongo; na kuzunguka kote kuna msuli wa ndani wa tumbo, uliojifunga kama mshipi. Kabla mkono haujainua ndoo, mshipi huo hukaza kwanza ili mgongo usiyumbe.

Mimba hulivuta tumbo kwa miezi tisa. Ile misuli miwili mirefu iliyo mbele, itokayo mbavuni hadi kinenani, huachana katikati. Jambo hilo huwapata karibu wanawake wote mwishoni mwa mimba. Pengo hupungua zaidi katika majuma 8 ya kwanza baada ya uzazi, ingawa kwa baadhi yao hubaki. Mama aweza kujipima: alale chali, akunje magoti, aweke vidole karibu na kitovu, kisha ainue kichwa kidogo tu. Pengo linalozidi vidole viwili lastahili kuonyeshwa kwa mkunga au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Kulifunga tumbo kwa kanga, kama mama zetu walivyotufundisha, huleta faraja na kuutegemeza mgongo. Lakini kanga hairudishi nguvu za misuli, na ikikazwa mno husukuma uzito chini kwenye sakafu ya nyonga. Ifungwe kwa kiasi cha kumwacha mama avute pumzi kwa raha.

MISHIPA MICHACHE, KAZI ILE ILE

Virusi vya polio huua seli za uti wa mgongo zipelekazo amri kwenye misuli. Mtoto apatapo nafuu, mishipa ya fahamu iliyosalia huchipuza matawi mapya na kuihudumia misuli iliyoachwa yatima. Ni kama shule iliyopoteza nusu ya walimu wake: waliobaki huchukua madarasa ya wenzao, na masomo yakaendelea. Mkaguzi akipita haraka ataona kila kitu kipo sawa. Lakini mwongezee mwalimu mmoja wa hao darasa jingine, nawe utaona jinsi anavyoanguka.

Wengi hudhani kwamba polio hugusa mguu peke yake. Huenda misuli ya tumbo na mgongo nayo iliguswa, ila haikujulikana kwa kuwa mwili ulijifunza kuifidia. Mimba ijapo, uzito huongezeka, maungio hulegea, tumbo hutanuka, ndipo upungufu ule hujitokeza. Zaidi ya hayo, madaktari wanaifahamu hali ya udhaifu mpya, uchovu na maumivu iwezayo kumjia mtu baada ya miaka 15 hadi 40 tangu augue polio. Basi hesabu: kwa aliyeugua akiwa na miaka 3, muda huo huanza akiwa na miaka 18. Hiyo ndiyo miaka ya kuzaa na kulea. Si kila aliyeugua hupatwa na hali hiyo, wala haina maana kwamba virusi vimerudi, wala mama hamrithishi mtoto wake polio.

Tarehe 25 Agosti 2020 Bara la Afrika lilitangazwa kuwa limeondokana na virusi vya asili vya polio. Milipuko imeendelea kutokea baada ya hapo, kwa hiyo mtoto asikose chanjo. Lakini wanawake waliougua utotoni wangali wanazaa na kulea miongoni mwetu, na mahitaji yao hayatajwi sana.

MAZOEZI YA KIPIMO

Pata kwanza ruhusa ya mkunga au daktari, hasa kama ulijifungua kwa kupasuliwa. Kisha anza hivi, ukiwa umelala ubavu, au chali na magoti yamekunjwa.

Kwanza, pumzi. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi kwa pua, tumbo lipande. Itoe taratibu kwa mdomo. Fanya mara 5.

Pili, sakafu ya nyonga. Unapotoa pumzi, kaza kana kwamba unazuia mkojo, hesabu hadi 3, kisha legeza kabisa. Fanya mara 5, lakini si wakati wa kukojoa.

Tatu, mshipi wa ndani. Unapotoa pumzi, vuta kitovu polepole kuelekea mgongoni bila kubana pumzi. Hesabu hadi 3, legeza, pumzika, kisha rudia mara chache.

Nne, hayo yakisha kuwa mepesi, lala chali na magoti yamekunjwa, ukandamize kiuno taratibu kitandani, kisha ulegeze.

Ukiona tumbo linainuka katikati kama paa la nyumba, zoezi hilo limekuzidi. Ndiyo sababu kujiinua kiwiliwili, au kuinua miguu miwili kwa pamoja, hakukufai sasa.

Acha zoezi wakati nguvu zingalipo, usingoje ziishe. Uchovu au maumivu yakilala nawe hadi kesho yake, pumzika siku hiyo, kisha urudie kwa nusu ya kipimo. Ukiweza jioni kumpakata mtoto bila kutetemeka, ujue kwamba asubuhi ulitumia nguvu zako kwa akili.

Utokapo kitandani, geuka kwanza ubavu, teremsha miguu, ujisukume kwa mikono. Mnyonyeshe na kumvika mtoto ukiwa umeketi. Tandika mkeka katika kila chumba unachofanyia kazi, ili usilazimike kumbeba huku na huku ukiwa na gongo. Na pakiwa na mtu wa kukusaidia, yeye ndiye ambebe. Vyuma vya mguu navyo vikaguliwe, maana mwili hubadilika baada ya uzazi, na mkanda uliolegea huangusha. Karakana za vifaa hivyo zipo katika vituo vya walemavu, kama kile cha Gatagara nchini Rwanda, kilichoanzishwa mwaka 1960.

SI KILA UDHAIFU NI POLIO

Mama ambaye nguvu humpungua kadiri siku inavyosonga, kope zikalegea, akaona kitu kimoja kuwa viwili, huenda ana ugonjwa uitwao miastenia. Ugonjwa huo waweza kuzidi katika majuma ya kwanza baada ya uzazi. Mwenye nao amweleze mkunga mapema kabla ya kujifungua, kwa kuwa magnesiamu salfeti, dawa itumikayo kwa kifafa cha mimba, yaweza kumhatarisha. Mtoto wake naye aangaliwe siku za kwanza kama ananyonya na kupumua vema.

Mzazi yeyote mwenye udhaifu wa misuli apelekwe hospitali siku ile ile akikosa pumzi alalapo chali, akiamka kila asubuhi na maumivu ya kichwa, akidhoofika kwa haraka, akivimba na kuumwa mguu mmoja, akitokwa na damu nyingi au akipatwa na homa.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Dumu la lita 20 za maji lina uzito wa kilo 20, na mlima haupunguzi hata moja. Bwana akiteka maji hapungukiwi na heshima. Mama mkwe akimpokea mtoto saa moja ya adhuhuri ili mkazamwana alale, amempa dawa ambayo haiuzwi dukani. Bali akimwita mvivu, amemsukuma kuzimaliza alfajiri nguvu ambazo mtoto angezihitaji jioni.

Juma lijalo tutazungumza juu ya uji wa mtoto anayeanza kulishwa. Kwaherini.